Ngege Wangu Wameliwa Jumamosi

Jumapili, Julai 1981. Mtaa wa Ziwani, Nairobi.

Baridi. Manyunyu tangu asubuhi, na nguo nilizofua Ijumaa bado ziko kwenye kamba zikinuka unyevu. Nimefunga mlango, nimeketi karibu na jiko, na nimeshika kalamu kwa sababu nikikosa kuandika nitatoka nje niseme maneno ambayo sitaweza kuyameza tena.

Mama Nekesa amenisaliti.

Nimeandika hivyo, nikasoma tena. Bado ni kweli.

Angekuwa mtu mwingine ningemtukana, nikala, nikalala. Lakini huyu ni Mama Nekesa wa ukuta huu huu. Tulihamia Ziwani mwaka mmoja, sote maharusi, mume wake dereva wa lori, wangu fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Awuor wangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, mama yangu akiwa bado yuko kwenye gari la moshi anakuja. Chumvi ikiniishia sikimbilii duka, nagonga ukuta. Majirani walituita chanda na pete, nami nikawa najivuna kabisa.

Sasa Awuor anaolewa. Wakwe wanakuja Jumapili ijayo, na mimi kwa mdomo wangu mpana niliwatumia habari kwamba hapa Nairobi watakula ngege kutoka kidimbwi changu mwenyewe. Watu wa Nyanza hao, waliolelewa kwa samaki! Nilitaka waone kwamba kijana wao haoi kwa watu wa kununua kila kitu sokoni. Nilitaka mama mkwe alambe vidole halafu anyamaze.

Ngege sina.

Kidimbwi chenyewe kiko Kware, kwenye kiploti alichonunua Baba Awuor pale wakata mawe walipoacha shimo. Mvua ilijaza shimo, maji yakatoka pia chini ya mwamba, nasi tukatia ngege. Mama Nekesa alikuwapo tangu mwanzo. Alikunja leso hadi magotini akabeba udongo wa kuzibia nyufa, akiimba na kunicheka kwa jinsi ninavyoogopa vyura. Ploti si yake, lakini tulikubaliana kwamba ngege tutagawana nusu kwa nusu, maana jasho lake lilikuwa pale.

Shida ya ngege ni uzazi. Hajui kupumzika. Haukupita muda, maji yakajaa samaki, lakini samaki gani! Urefu wa kidole, kichwa kikubwa, mwili hakuna, na huyo mwenye urefu wa kidole naye tayari ana mayai tumboni. Tukawalisha pumba na majani ya mboga, wakazidi kuzaana badala ya kukua. Siku moja niliwakaanga, Baba Awuor akatazama sahani akauliza kama tunakula samaki au tunakula sindano za cherehani yangu.

Baba Nekesa ndiye aliyeleta dawa. Katika safari zake za lori aliona mabwawa ya tajiri mmoja upande wa Mlima Kenya, ambako hutia kambare wachache wapunguze vifaranga vya ngege. Vifaranga vikipungua, wanaobaki wanapata nafasi na chakula, wananenepa. Ila alitupa masharti, nasi sote wawili tulikuwa tumeketi hapa hapa tukimsikiliza. Kambare wawe wachache. Wawe wadogo kuliko ngege wazazi. Na kambare akifikia urefu wa mkono mpaka kiwiko, atolewe mara moja, kwa sababu kambare mkubwa hachagui, humeza mtoto na mama yake.

Sisi ni Wasabato. Samaki asiye na magamba haingii katika sufuria yangu, na kambare ni ngozi tupu na masharubu. Kwa hiyo siku ile nilicheka nikasema mbele ya waume zetu, "Mama Nekesa, kambare wote ni wako. Uwatoe, uwale, uwauze, mimi hata sitaki kuwaona. Ngege ndio tutagawana." Tukapeana mikono. Baba Awuor alicheka kuliko sisi wote. Nikaona nimepata bahati, kazi ya kuingia kwenye matope ni ya mwenzangu.

Na kweli mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Krismasi iliyopita tulivua ngege wa kujaza sahani, mmoja anatosha watu wawili. Hapo ndipo kichwa kilipovimba nikaanza kuwaahidi wakwe karamu.

Leo asubuhi nilikwenda Kware na Awuor kuangalia ngege wa kuwekea wageni. Nilivua viatu, tukakokota wavu. Kambare. Tukakokota tena upande wa pili. Kambare, na mmoja mnene kama paja langu, akapiga mkia akanitia matope mpaka kwenye nywele. Tulipata ngege mzee mmoja, mkia umetafunwa nusu. Vifaranga havikuwapo kabisa. Yale maji ambayo zamani ukirusha pumba yanarukaruka yote, leo nilirusha pumba ikaelea tu.

Mutua, mkata mawe mwenye kibanda pale juu, akashuka kutusalimu. Ni mtu mwema, hana neno na mtu.

"Mama, leo umekuja wewe? Mwenzako alikuwa hapa jana."

"Jana Jumamosi?"

"Eeh. Si yeye ndiye wa Jumamosi? Hubeba wake kwa debe anaenda. Na wakati ule wa Pasaka alileta wengine, wakubwa wakubwa, akawamwaga hapo ndani. Mimi nilijua mmeongea."

Nilimwambia asante. Sikujua nimshukuru kwa nini, lakini mdomo ulishazoea adabu.

Jumamosi! Siku ambayo hata cherehani naifunika kitambaa. Siku ambayo mtaa mzima unajua niliko tangu asubuhi mpaka jua litue. Alichagua siku ambayo nisingeweza kutokea hata kwa bahati mbaya.

Pale pale ukingoni nikaelewa hesabu yake. Ngege ni nusu kwa nusu. Kambare ni wake peke yake. Kila ngege anayemezwa, ile nusu yangu inahama, inaingia tumboni mwa kambare, inakuwa mali ya Mama Nekesa. Hakuhitaji kuiba hata samaki mmoja. Aliwaacha wale wakubwa bila kuwatoa, akaongeza wengine, akaniachia mimi kuwanunulia pumba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hii mara nyingi nikiwafariji wengine, na leo ndiyo nimejua uzito wake.

Nilimkuta akirudi kutoka kanisani kwake, kofia nyeupe kichwani na Biblia kwapani. Sikumsalimu. Nadhani hapo alijua.

"Mama Nekesa, kambare wakubwa walitoka wapi?"

Hakukana. Hilo ndilo lililonikata maini. Angekana, ningepata mahali pa kushika.

"Si ulisema ni wangu?"

"Nilisema uwatoe. Sikusema uongeze!"

"Wewe unajua vile kambare wa kukausha anatafutwa huko Mathare? Wateja wananingoja kila wiki. Ningewaambia nini?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa." Akatazama chini, halafu akainua uso. "Na mimi ndiye naingia kwa hayo matope, Mama Awuor, si wewe. Ungejuaje hata? Jumamosi yako si ni ya Mungu?"

Akacheka kidogo. Niliona jinsi kicheko kilivyomkwama, na jinsi alivyoikumbatia Biblia yake kifuani kama mtoto mchanga. Nafikiri alijuta hata kabla hajamaliza kusema. Lakini neno likishatoka limetoka, na Awuor alikuwa nyuma yangu akilisikia.

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Mchana wote nasikia upande wa pili wa ukuta anasogeza sufuria, anakohoa, anaita watoto. Nyumba za Ziwani hazimpi mtu nafasi ya kukasirika vizuri.

Kila Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia, nilimpelekea bakuli la chakula nilichopika cha kesho yake. Amekula bakuli hilo, akalala, akaamka, akaenda Kware. Na mimi kanisani nilikuwa namwombea kwa jina, kwa sababu ya mguu wake unaovimba. Bwana, mponye Mama Nekesa mguu. Mguu ule ule uliosimama ndani ya maji yangu!

Nina aibu kuandika kwamba hilo linaniuma kuliko samaki. Lakini ndivyo lilivyo.

Kuna kitu kidogo cha kweli katika alichosema, nacho kinaniudhi zaidi. Matope nilimwachia yeye. Niliona kambare ni uchafu, na kazi ya uchafu nikampa rafiki yangu huku nikicheka, nikaita hiyo ni bahati. Labda kicheko kile kilimkaa rohoni. Sijui. Hata kama kilimkaa, si angenigombeza? Tumegombana mara ngapi sisi kuhusu zamu ya kufagia, na kesho yake tunachambua mchele pamoja! Mtu wa kugombana naye hivyo humfanyii hila kila wiki halafu unamwomba chumvi.

Baba Awuor aliporudi nikamweleza. Akasikiliza akimenya ndizi, akasema, "Fisi hapewi bucha alinde." Nikamuuliza mbona siku ile ya kupeana mikono hakumwona huyo fisi. Akala ndizi yake. Baadaye akasema tununue kuku, wakwe hawatakufa kwa kukosa ngege. Wanaume wana bahati, huona sahani tu.

Awuor ndiye aliyeuliza swali lenyewe. "Mama, sasa Jumapili nani ataketi na wewe?" Kwa sababu mpango ulikuwa Mama Nekesa aketi kulia kwangu kuwapokea wakwe, yeye aliyemwogesha huyu bibi harusi. Hata kitambaa cha nguo zetu nilishakata, rangi moja, mishono miwili. Nguo yake imening'inia hapo nyuma ya mlango, imebaki mikono tu. Awuor akaitazama akaanza kulia, nami nikamwambia aende akachote maji.

Nimeamua yafuatayo, na nayaandika ili nisibadilike.

Wavu hautawamaliza kambare. Wanajizika kwenye matope na kungoja. Dawa ni kutoa maji yote. Baba Awuor amepata pampu kwa watu wanaomwagilia sukuma wiki kando ya mto, na kesho anaingia kazini zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi tutakausha shimo mpaka chini. Ngege akibaki hata mmoja nitamtia kwenye pipa.

Kambare sitawaua, sitawatupa, wala sitamuuzia mtu. Nilisema ni wake na tukapeana mikono. Nimemtuma Baba Awuor agonge mlango wao amwambie: kesho mchana Mama Nekesa aje Kware na madebe yake, achukue kambare wake wote, asiache hata wa urefu wa kidole. Jumatatu, mchana kweupe, Mutua na wakata mawe wote wakitazama, kisha apite nao hapa mbele ya bomba la maji, kina mama wakifua, mpaka mlangoni kwake. Sitamtukana. Nitasimama kando nimefunga mikono.

Baba Awuor amerudi sasa hivi. Anasema Mama Nekesa hakubishana, aliuliza jambo moja tu: kama nguo yake bado naishona.

Nimemwambia Baba Awuor anywe chai yake.

Usiku huu nitamwomba Mungu jambo dogo: kesho nikimwona ameinama kwenye matope na ule mguu wake, nisilie mbele za watu. Kama ni lazima mtu alie, aanze yeye.