Ile Sabini na Moja ya Ninad

Nyumba Na. 46,
Nandanvan,
Nagpur.

Jumatano, 8 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Pramila,

Shikamoo Shangazi. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu walipokupunguzia zamu hapo hospitalini Muscat. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baridi imetubana kweli mwaka huu. Bibi hatoki kwenye jua la uani mpaka saa sita mchana, na akiitwa kula anajifanya hasikii. Kikohozi cha Mama kimebaki kidogo tu. Machungwa yamejaa sokoni hadi yanamwagika, na ningekutumia kapu, ila Vaibhav wa kwa Bwana Gawande, anayekuletea barua hii, amesema mkoba wake umeshajaa vitafunio vya mama yake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua mwenyewe. Ukipiga tu, Baba anaiweka sauti ya juu katikati ya sebule, na hata muuza maziwa anakusalimia. Nikikupigia kutoka kazini nitaishia kulia mbele ya wagonjwa, na mpima macho anayelia sijui atampimia nani miwani. Vaibhav anasafiri kesho jioni, kwa hiyo Ijumaa utakuwa nayo mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Ni habari ya Ninad. Najua Baba alikupigia kukuambia kwamba mdogo wangu amepata tisini na nane nukta mbili kwenye mtihani wa kuingia vyuo vya biashara. Najua pia ulilia kwa furaha, maana tulikusikia sote, na Bibi naye akaanza kulia bila kujua analilia nini. Namba hiyo ni ya kweli, Shangazi. Baba hakukudanganya. Tatizo ni kwamba hakuisoma karatasi yote.

Nikueleze kama nilivyoelezwa na Mwalimu Khobragade, anayemfundisha masomo ya ziada. Ile tisini na nane si maksi. Maana yake ni kwamba ukiwapanga watahiniwa mia moja kwenye foleni, Ninad amewapita tisini na nane. Mpaka hapo ni sherehe. Lakini mtihani una sehemu tatu, na kila sehemu ina namba yake. Hesabu alipata tisini na tisa. Mantiki na majedwali, tisini na nane. Kusoma na lugha, sabini na moja. Na vile vyuo anavyoviota vimeweka kiwango cha chini cha jumla, halafu vikaweka kingine kwa kila sehemu peke yake. Mwaka huu chuo anachokitaka zaidi kinataka themanini na tano kila sehemu. Ukianguka sehemu moja, jina lako linachujwa na kompyuta kabla binadamu hajaliona. Hakuna wa kumlilia.

Siku ya matokeo Baba aliona mstari wa juu tu. Kabla Ninad hajateremsha ukurasa, mzee alishavaa viatu kwenda kununua peda, zile tamutamu za maziwa. Alirudi na kilo tano, akagawa mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Nadhani hata mbwa wa kwa Gawande alipata. Jioni akaja Bwana Zade, mwenyekiti wa chama cha jamii yetu, akasema kwenye ile sherehe ya kuwatuza watoto waliofanya vizuri Ninad ndiye atakayepandishwa jukwaani wa kwanza, avishwe shali na kukabidhiwa nazi kwa heshima. Sherehe ni Jumapili hii. Hukumu yao inategemea namba ya juu. Hizo sehemu hakuna aliyewahi kuziuliza.

Kisha wakatundika bango kwenye njia panda. Picha ya Ninad ni kubwa kuliko za viongozi, naye amevalishwa koti ambalo hajawahi kulimiliki, waliligundisha kwa kompyuta. Tisini na nane nukta mbili imeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Sasa Ninad akienda dukani anazunguka kwa nyuma, kupitia kiwanda cha matofali, ili asilipite.

Majina ya walioitwa kwenye usaili yalitoka Jumatatu. Wenzake sita wameitwa, yeye hakuitwa popote. Mama alipomwuliza, alisema orodha bado. Mimi nimejua kwa sababu nilimwendea Mwalimu Khobragade mwenyewe, nikamkuta anasahihisha karatasi, na aliponiona tu akavua miwani.

Shangazi, ngoja nikuambie kinachonitisha. Ninad angenuna, nisingeogopa. Unamjua alivyokuwa akinuna tangu utoto, anaweza kukaa siku tatu hasemi na mtu kwa ajili ya embe. Safari hii anacheka. Anamsaidia Mama kuviringa ladu za ufuta za sikukuu ya Sankranti. Jana aliupanga upya mkeka wa Bibi juani bila kuombwa. Vitabu vyake vyote amempa binti wa ghorofa ya chini, na saa uliyomletea kutoka Muscat nimeikuta juu ya mto wangu. Nilipomwuliza akasema, "Wewe ndiye unayechelewa kazini, dada, mimi nachelewa wapi?" Akacheka tena. Unamkumbuka yule kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwaka juzi, baada ya mtihani wa udaktari. Mama yake hadi leo anarudia kusema kwamba wiki ile ya mwisho mwanawe alikuwa na furaha sana.

Tangu jana silali vizuri na sili vizuri. Nikisikia mlango nashtuka, nisiposikia mlango nashtuka zaidi. Leo niliomba ruhusa kazini nikasema nina homa.

Nilianza barua hii ili kukuomba umpigie Baba umweleze, kwa kuwa wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia "kaka, nyamaza unisikilize" na akanyamaza. Nilikuwa nimefika hapo hapo alipoingia Baba na vikombe viwili vya chai. Baba, Shangazi, ambaye hajui hata sukari inakaa wapi. Akaketi kitandani kwangu. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka inataka kuchanika.

"Ketaki, hii sabini na moja ni mbaya kiasi gani?"

Alikuwa amekwenda Jumatatu kuitolea nakala, aiweke kwenye fremu. Mwenye duka la fotokopi, ambaye mwanawe alifanya mtihani huo huo, alimpongeza, kisha akaiona ile sabini na moja, akakataa kupokea malipo. Hapo ndipo Baba aliposhtuka.

"Siku tatu hizi umejua na umenyamaza?" nikamwuliza.

"Nikiifuta sherehe, atajua nimejua. Nikimwacha apande pale, nitammaliza kwa shali na nazi mbele ya watu. Nimekwenda mlangoni kwake mara nne, mwanangu. Nikifika nasahau mtu anasema nini. Miaka ishirini na mbili nimezoea kumwuliza kitu kimoja tu, umepata ngapi."

Sijawahi kumwona Baba akiogopa. Nilidhani naogopa peke yangu ndani ya nyumba hii, kumbe tulikuwa wawili, tena tukijificha. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia twende wote, sasa hivi, na chai tukaiacha.

Nimerudi kumalizia, ni saa kumi na moja jioni. Baba alibisha, Ninad akasema "ingieni" kwa kile kicheko chake. Baba akaingia. Aliikunjua karatasi, akaiweka kitandani, akaweka kidole kwenye sabini na moja, kisha akaketi sakafuni. Sakafuni, Shangazi, na mgongo wake ule. Akasema, "Hii nimeiona. Nimekuja kukaa na wewe." Ninad alijaribu kucheka mara mbili, safari ya tatu ikashindikana. Amelia kama alivyolia siku babu alipofariki.

Baba ameshampigia Bwana Zade kumwambia Jumapili hatuji. Mwenyekiti akaja juu, eti shali limeshanunuliwa. Baba akamwambia ajivishe mwenyewe. Daktari wa zahanati ninakofanya kazi amenipa kwa simu jina la mtaalamu anayezungumza na vijana kama hawa, na kesho asubuhi tunampeleka, Baba upande huu na mimi upande ule.

Kwa hiyo sikuombi tena umpigie Baba. Mpigie Ninad, kwenye simu yake mwenyewe. Mtihani usiutaje kabisa. Mwulize amekula nini, mtanie kuhusu ndevu zake nne, mwambie unataka aje akutembelee. Piga Ijumaa, na Jumamosi piga tena, na Jumapili usikose, maana Jumapili ndiyo ninayoiogopa.

Mama hajaambiwa yote, atasimuliwa kidogo kidogo. Bibi anakusalimu na anauliza kama huko Muscat kuna jua la uani. Nisalimie Mjomba Hemraj na mwanao Rutuja, mwambie picha za shule nimeziona. Mungu awazungushie ulinzi nyote, na atusaidie huku tuzione siku hizi zikipita bila hata mmoja wetu kupungua.

Nimehamishia godoro langu chumbani kwa Ninad. Sikuwa na hakika kama atakubali, ana miaka ishirini na mbili. Nilipokuwa nalitandika nilimwambia wazi ninachokiogopa. Alinishika mkono, hakuniangalia, akasema, "Dada, leo usiniache peke yangu. Ulikuwa unaogopa kitu cha kweli."

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukungoja,

Ketaki