Chokaa ya Afande Chilongani

Afande,

Najua umenuna. Umetoka Dodoma, umelinda hifadhi ya ziwa miaka yote bila kulowesha hata goti, halafu mimi Bilali, mvuvi wa Ujiji uliyenikamata mpaka tukawa marafiki, nimekuzika kwenye rasi, ziwa likiwa miguuni pako. Nisamehe. Mvua ilikata reli ya kukurudisha kwenu, kaka yako akauliza ulipenda kukaa wapi. Nikamwonyesha palepale ulipoweka kiti na mwavuli wako mwekundu, ukinipigia filimbi.

Hukufika hapo kwa kupenda. Mpaka wa hifadhi ulikuwa madumu ya njano yanayoelea, ng'ambo yake samaki aina ya kuhe wanatagia, mvuvi haruhusiwi. Wakaja wakimbizi kutoka Burundi, mitumbwi kwa mitumbwi, hawana hata cha kuchotea maji. Wakaona madumu hayana mwenyewe. Ukaenda kambini kuyadai, umefura kwelikweli. Ukamkuta mama anamnywesha mtoto maji kutoka kwenye mpaka wetu. Akakuamkia, "Amahoro," nawe ukampigia saluti, ukarudi mikono mitupu.

"Bilali," ukaniambia, "mpaka umepata kazi nyingine."

Kesho yake ukaleta kiti.

Malaria ilipokuchukua niliogopa. Wenzangu walishaanza kutengeneza nyavu, na nikajua kuhe wale wakivuliwa kwenye mayai, wanangu hawatawaona. Lakini Afande, hutaamini. Mtumbwi ukifika usawa wa kaburi lako, unageuza. Hata Kasimu, yule aliyekuwa akikuzomea, anavua kofia. Anasema, "Huyu akiwa hai alikuwa haelewi, sasa ndiyo ataelewa?"

Afande mpya ameagiza madumu mengine. Nimemshauri ayapeleke kambini moja kwa moja, yasipate tabu ya kupitia ziwani.

Shehe wetu naye aliniuliza, mbona mimi Mwislamu kila mwezi napaka msalaba wa kaburi lako chokaa. Nikamjibu natengeneza mpaka wa serikali. Alicheka, halafu akaniletea brashi, maana yangu imebaki mpini tu.

Basi pumzika, rafiki yangu. Maadamu mkono wangu unainuka, msalaba wako utaonekana kutoka majini.

Jana mkondo ulinisogeza karibu mno. Nikaacha kupiga kasia, nikasubiri filimbi yako. Nilisubiri sana, Afande. Kisha nikageuza mwenyewe, nalia.

Bilali wako