Tulipokwenda Kuwatazama Jamusi

Sib, Maskati

Kwa mdogo wangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nnaomba waraka huu uwakute nyote mna afya, magoti ya mama yametulia, na mvua mliyokuwa mkiingojea huko Makangale imeshanyesha. Sisi huku hatujambo kwa jumla, na hilo neno "kwa jumla" nitakueleza mbele. Baridi imeingia, ile baridi ya huku, kwamba mtu anaweza kutembea mchana bila ya kutafuta kivuli.

Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa mwanamke wa Wete anayerudi wiki hii akufikishie mkononi.

Uliniomba nikalione lile shamba ambalo watu hukata tiketi kwenda kutazama mifugo na watoto wao, kwa sababu na wewe unafikiria kuwafungulia wageni wa mahoteli zizi la ng'ombe wa marehemu baba. Ulisema nikatazame kwa macho ya mwenye ng'ombe, si kwa macho ya mtalii. Basi tulikwenda Ijumaa moja, baada ya sala: mimi, shemeji yako Nassor, Ilham ambaye sasa ananifika begani, Yusuf ambaye bado hajaanza skuli, na mama mkwe wangu Bi Zuwena, tunayeishi naye tangu mumewe alipofariki. Bi Zuwena alipoambiwa tunakokwenda alisema, "Safari yote hiyo kwenda kutazama ng'ombe waliolowa?" Kisha akavaa baibui lake jipya akawa wa mwanzo kuingia garini.

Shamba, mazraa kama wanavyosema huku, liko mbele ya Barka, unaiacha bahari nyuma unaelekea milimani. Mifugo yenyewe ni jamusi, nyati wa kufugwa, wale wanaopenda kukaa majini. Si bustani ya wanyama. Ni shamba la kazi: wanakamua kila siku, wanatengeneza samli na jibini, wanauza nyama, na siku za mapumziko ndiyo wanafungua geti kwa familia. Jamusi ni wakubwa, Hamad. Ng'ombe wa baba ukimsimamisha pembeni ya mmoja wao utadhani ni ndama wake. Ngozi nyeusi kama mpira wa gari, pembe zimelala nyuma. Mchana wamo kwenye mabwawa, yanaonekana macho na pua tu. Banda la kukamulia lina mapangaboi makubwa kuliko ya msikitini kwetu.

Wageni hupandishwa kwenye trela lenye mabenchi, linavutwa na trekta taratibu, na msichana mmoja wa Kiomani anaeleza kwa kipaza sauti. Watoto wanapewa chupa za maziwa wakawanyweshe ndama. Yusuf alinyonywa kidole akacheka mpaka akakaa chini. Kuna bembea, kuna duka, kuna aiskrimu ya maziwa ya jamusi, ambayo ni nzuri, sikufichi. Bi Zuwena alikataa kupanda trela. Alisema yeye si gunia. Tukamtafutia kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu na njia, akakaa na bakora yake akiwatazama watu.

Jambo ambalo kila mtu hulingojea ni alasiri, jamusi wanapotoka majini kwenda kukamuliwa. Wanapita njia pana katikati ya shamba, kundi zima, wakichuruzika maji, wala hapigwi hata mmoja. Wanaijua saa yao. Wageni wanasimama pande mbili. Kilichowatenga watu na wanyama ni kamba. Kamba tu, yenye vibendera.

Siku hiyo palikuwa na familia moja iliyokuja kumsherehekea mtoto wao siku ya kuzaliwa, na kwenye ile kamba walifunga maputo. Msimamizi wa shamba alipita akayaona. Alitabasamu akaendelea.

Nassor alikuwa na Ilham kwenye foleni ya aiskrimu. Mimi nilikuwa kwenye kamba. Yusuf alikuwa kuliani kwangu, mbali kidogo, amejipenyeza chini ya kamba kumfuata ndama mmoja aliyekuwa akienda na mama yake. Bi Zuwena alikuwa kushotoni kwangu, kwenye kiti, umbali ule ule kama ungepima. Nilikuwa nimeshamwita Yusuf arudi.

Puto likapasuka. Halafu la pili na la tatu kwa pamoja. Jamusi mmoja wa katikati akageuka, waliokuwa nyuma yake wakamsukuma, na kundi likafanya kama maji ya mtaro yanapozibwa: likamwagika pembeni. Kamba ilikatika bila ya mlio. Watu walipiga kelele, na kelele zikazidi kuwatia khofu wale wanyama.

Nilikimbilia kulia. Nilimshika Yusuf kwa nguo, nikamtupa juu ya trela lililokuwa limesimama, nami nikapanda. Ningekwambia kwamba nilifikiri, ningekuwa nnakudanganya. Nilipogeuka, turubai lilikuwa limeinama, kiti kimevunjika, na Bi Zuwena amelala chini kwa ubavu, baibui limejaa tope. Jamusi walikuwa wameshapita. Walikwenda moja kwa moja bandani wakajipanga kila mmoja mahali pake kama kawaida, wakingojea kukamuliwa.

Mkono wake wa kulia ulivunjika na ubavu mmoja ukapata ufa. Daktari alisema hakukanyagwa, alipigwa kikumbo tu akaangukia nguzo ya turubai. Mtu mwengine mmoja alichubuka. Msimamizi alikuja hospitali na mikebe ya samli, akatuomba kwa adabu tusizisambaze video. Nassor alimrudishia samli zake.

Basi hilo ndilo uliloniuliza, na jibu langu ni hili. Wageni wawepo ukipenda. Watu wanafurahi kweli, na watoto wa mjini hawajui maziwa yanatoka wapi. Lakini ng'ombe wawe na njia yao na watu wawe na yao, na katikati pawe na ukuta wa mawe kabla hujamkaribisha mgeni wa kwanza. Ukuta kwanza, Hamad, kibao baadaye. Kama huwezi ukuta, waache ng'ombe wa baba waendelee kula majani bila ya kutazamwa na mtu.

Ningeweza kukomea hapo, lakini ungekuwa umepata nusu ya khabari.

Kwenye ukumbi wa hospitali, Bi Zuwena akipigwa picha ya mkono, Nassor aliniuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Kwa Yusuf."

"Na mama?"

Jibu lilikuwa ndani linangojea plasta. Nassor hakusema zaidi, si mtu wa makelele, unamjua. Lakini tangu siku ile akawa anazungumza nami kupitia kwa watoto. "Ilham, mwambie mama yako nnachelewa leo." "Ilham, muulize mama yako funguo ziko wapi." Nami niko pale pale, nnamenya viazi. Ilham mwanzo alifikiri ni mchezo, baadaye akaacha kuzifikisha zile salamu, akawa anatutazama tu.

Bi Zuwena naye hakusema kitu. Nikimlisha anakula, nikimvisha ananyoosha ule mkono mzima. Nilikaa na kimya cha watu wawili ndani ya nyumba moja. Niliendelea na kazi zangu, nikapika, nikafua. Niliwaza kwamba kama nitaambiwa nirudi kwetu Pemba, nitauliza tu watoto wanakaa wapi. Nilifika huko kwa mawazo, wala sikulia. Nnakuandikia kama ilivyokuwa.

Ijumaa iliyofuata akaja wifi yangu Rahma, dada yake Nassor, anayekaa Qurum. Alisimamisha gari mlangoni, akaingia na begi tupu.

"Mama, nimekuja kukuchukua," alisema. "Kwangu kuna chumba cha chini, kuna mtu wa kukuangalia mchana na usiku."

"Hapa pia anaangaliwa," Nassor alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Rahma akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Sikulaumu, Zamzam. Kila mtu anaokoa wake. Na mimi nimekuja kuokoa wangu."

Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Niliiweka mbele yake.

Bi Zuwena alikuwa kwenye godoro lake ukutani, mkono umening'inia shingoni. Alisema, "Rahma, kaa kitako."

"Mama, gari nimeiacha imeziba njia..."

"Kaa, nimesema." Rahma akakaa. "Siku ile wewe hukuwepo. Nassor alikuwa anangojea aiskrimu. Aliyeona ni mimi. Huyu mtoto wa watu alinitazama mimi kwanza. Alinitazama hivi, macho kwa macho, nikamfanyia ishara ya kichwa: nenda kwa mtoto. Ndipo akaenda. Angekuja kwangu akamwacha mjukuu wangu chini ya yale madude, leo ningekuwa nimeshampiga kwa bakora, mkono wa kushoto huu."

Nassor aliangalia zulia.

"Haya, na begi lako lirudishe," Bi Zuwena akamwambia bintiye. "Lakini kahawa unywe, imepikwa. Zamzam, leo Ijumaa, na nywele zangu zimeshanuka spitali. Nani ananiosha?"

Rahma alikunywa kahawa. Akanywa kikombe cha pili. Alipoondoka alinipa mkono wake, na aliushikilia wangu muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Sikujua maana yake na sikuuliza. Nassor aliporudi kutoka kumsindikiza, alisimama mlango wa jikoni akaniuliza yeye mwenyewe, bila ya Ilham, kama kulikuwa na mkate uliobaki. Nikamwambia upo. Akala akiwa amesimama, kisha akasema, "Nisamehe." Nikamwambia achukue na siagi.

Nilimkalisha Bi Zuwena kwenye stuli bafuni, nikamfunga mfuko wa plastiki kwenye plasta isiingie maji. Nywele zake ni nyembamba sasa, zinatoka nyeupe chini ya hina. Nilimpaka sabuni, nikawa nnasugua pole pole, na nikaona siwezi kuendelea kuzigusa zile nywele nikiwa nimelinyamazia jambo lile.

"Mama," nikasema, "mimi siku ile sikukutazama."

Hakugeuka.

"Wala sikuona ishara. Sikukukumbuka kabisa. Nilimwona Yusuf tu."

"Najua," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimesinzia. Niliamshwa na lile puto."

Nilisimama na kata mkononi.

"Mwanangu Nassor namjua," akasema. "Moyo wake hauwezi kubeba kwamba mtu hakumtazama mama yake. Basi nimempa cha kubeba. Sasa mimina maji, povu linaniingia machoni."

Nikamimina.

Basi ndiyo tulivyo. Plasta itaondolewa karibuni, inshallah, na ubavu hauumi ila akicheka. Anacheka mara nyingi sasa, kwa sababu Yusuf amejifundisha kulia kama jamusi na hana jengine.

Haya ya bafuni usimsomee mama, wala usimwambie mkeo, maana yeye na Rahma huandikiana. Mama mwambie tu kwamba mama mkwe wangu alianguka, anaendelea vizuri, na mimi mtoto wake nnatunzwa. Hayo yote ni kweli.

Nisalimie mama kwa kumbusu mikono. Nisalimie mkeo na yule mdogo mliyempata ambaye bado sijamshika. Msalimie shangazi Bi Mize aliyetulea, mwambie ule ubani alioniletea umekwisha na hapana wa huku unaonukia kama wake. Msalimie mjomba Khamis mchunga ng'ombe wetu, na asikilizwe atakapokwambia ukuta upite wapi. Nassor anakusalimu. Bi Zuwena anakusalimu pia, na ameniamuru niandike kwamba salamu hizi ni amri yake.

Ni mimi dada yako, niliye salama,

Zamzam