Soko Nililolikopesha Halina Jina Langu

Alhamisi. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua haitaki kushuka.

Juzi Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, nimepoteza kizimba namba 87. Nimekaa humo miaka kumi na moja nikiuza mchele na maharage. Naandika leo nikiwa nimetulia kidogo, maana juzi ningeongeza chumvi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: soko letu lilibomolewa mwaka juzi ili lijengwe upya, nasi tukahamishiwa vibanda vya muda hapo jirani, kila mtu na namba yake. Paa la sola, matangi ya kuvuna maji ya mvua, mtambo wa kugeuza mboga zilizooza kuwa gesi ya kupikia ya mama lishe. Manispaa haikuwa na fedha zote, ikauza hatifungani. Yaani wananchi tunaikopesha, yenyewe inajenga, inatulipa riba kila miezi sita, na baada ya miaka mitano inaturudishia mtaji wetu.

Mie nilinunua za milioni sita.

Sikudanganywa. Riba imeshaingia mara tatu, haijachelewa hata siku moja. Kwenye mkutano nilisimama mwenyewe nikauliza, soko likishafunguliwa hiyo riba itatoka wapi? Afisa akajibu itatoka kwenye kodi ya vizimba. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari langu la madeni nikaona inalipika. Asilimia kumi na mbili kwa mwaka ni laki saba na ishirini elfu, na mtaji hauozi kama nyanya. Mama Jeni wa ndizi alinicheka mbele za watu, akasema, “Konso, watu wanaikimbia manispaa, wewe unaipelekea hela kwa miguu yako.” Tukacheka wote.

Mama Jeni yuko kwenye orodha. Lango la mbele.

Orodha ya waliogawiwa vizimba vya soko jipya, kwa majina ya kitabu cha manispaa, ilibandikwa ukutani Jumanne hiyo. Nikashuka na kidole hadi 87. Jina lililoandikwa pale si langu, ni la Bi Rukia, aliyeniuzia kizimba.

Hapa ndipo penye kosa, na kosa ni langu. Kwa sheria kizimba hakiuzwi, ni mali ya manispaa. Lakini sokoni vinauzwa kila siku. Mnaandikishana karatasi mbele ya mwenyekiti wa soko, mashahidi wawili, unahesabu hela, unaingia. Jina kwenye kitabu cha manispaa hamligusi, maana mkilipeleka kubadilishwa wanaweza kukichukua. Kwa hiyo miaka kumi na moja nimelipa ushuru kwa jina la Bi Rukia. Wakusanya ushuru waliniitaga Rukia, nami naitika. Kuna mmoja aliwahi kunipa pole ya msiba wa shangazi yake Bi Rukia. Nikapokea.

Risiti zote ninazo. Zote zina jina lake.

Ila hatifungani niliandikisha kwa jina langu kamili, na kitambulisho cha taifa, na akaunti ya benki. Kwa hiyo manispaa inanijua vizuri sana kama mtu anayeidai. Kama mfanyabiashara wa soko hilohilo, haijawahi kunisikia.

Dada wa dirishani alikuwa na adabu, siwezi kumsema vibaya. Akanielekeza: njia iko moja. Aliyeandikwa aje mwenyewe kabla ya Jumatatu saa sita mchana, aseme mbele ya afisa masoko kwamba kizimba anacho Konsolata, aweke sahihi. Asipokuja, namba 87 ni yake.

Jana nikaenda Kinondoni kwa Bi Rukia. Ni mtu mzima sasa, miguu inamsumbua. Ukoo wao ni wafanyabiashara tangu enzi za babu yake aliyetoka Uarabuni, na yeye ndiye aliyenifundisha kupima mchele bila kumpunja mteja wala kujipunja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaagiza niletewe kahawa na kashata. Nikamweleza shida yangu. Hakukataa kwamba aliniuzia. Hata kiasi alikitaja, hakukosea hata shilingi.

Kisha akasema taratibu, “Mwanangu, mie nilikuuzia meza na mabati. Meza na mabati vimebomolewa. Hili soko jipya sijakuuzia.”

Nikarudisha kashata kwenye sahani.

Mwanawe Nassor alikuwa amekaa pembeni. Duka lao limefungwa tangu mwaka jana, hilo nalijua, na ana watoto wanne wanaosoma. Akaniambia kama mtu anayenifanyia hisani, “Dada Konso, usihangaike. Kaa tu pale, utatupa laki moja na nusu kwa mwezi.” Nikamuuliza, “Juu ya kodi ya manispaa?” Akasema ndiyo, juu ya hiyo.

Nimepiga hesabu njia nzima ya kurudi. Laki moja na nusu mara kumi na mbili ni milioni moja na laki nane. Ni riba yangu ya mwaka mara mbili na nusu. Nikikataa, Nassor anaingia yeye, analipa kodi manispaa, na kwenye kodi hiyo ndimo inamotoka riba yangu. Yaani atanilipa mie ili akae mahali pangu.

Kizimba kwa siku kilikuwa kinanibakishia elfu thelathini na tano. Siku ishirini na sita kwa mwezi, laki tisa na kumi elfu. Mwezi mmoja wa 87 ulikuwa unazidi riba ya mwaka mzima. Hiyo hesabu sikuipiga siku ile ya mkutano. Nilihesabu hatifungani nikasahau kuhesabu meza niliyoegemea.

Leo asubuhi nimempigia wakala aliyeninunulia hatifungani, nimuulize kama naweza kuziuza sasa hivi. Inawezekana, kasema, ila wanunuzi ni wachache, nitarajie kupata pungufu ya milioni sita. Nikakata simu. Sitaki kuziuza. Soko nilipita jana jioni kuliangalia, na kusema kweli ni zuri. Maji yanatoka, sakafu haina tope, mama lishe mmoja anajaribu jiko la gesi, moto wa buluu. Nilitaka kulichukia nikashindwa.

Nilianza kwa kuuza uji machinjioni Vingunguti, chupa mbili za chai na vikombe sita. Sina mume wa kunitetea wala mjomba ofisini. Nilicho nacho ni wateja wanaojua nakaa wapi. Nikikosekana wiki mbili tu, wanazoea duka jingine.

Bi Rukia hasomi mtandao, lakini Nassor unasoma humu. Wiki iliyopita uliniwekea kidole gumba. Basi soma na hii, umsomee mama.

Karatasi ya mauziano ninayo, na shahidi mmoja bado yuko hai. Laki moja na nusu silipi. Nipo tayari kumpa mama milioni moja ya mkono mmoja, shukrani, mbele ya mtu yeyote mtakayemtaka, na teksi ya kumpeleka na kumrudisha nitalipa mie. Mahesabu mengine sina.

Sitaki “tutaangalia”, sitaki “Mungu akipenda”. Mama anakuja Jumatatu kuweka sahihi, au haji? Nijibu kabla ya Jumapili saa kumi jioni. Ndiyo, au hapana.