Ng'ombe "Wachache" wa Orrin

S.L.P. 41,
Bellfork, Kaunti ya Tollefson,
South Dakota.
19 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Leland,

U hali gani huko Oregon? Goti limepona, au bado unachechemea? Na wifi yangu Corliss, kifua chake kimetulia? Sisi huku miili mizima. Theluji imeyeyuka, na matope yanameza buti. Roho yangu tu ndiyo haijatulia. Nina hasira mpaka wiki hii nimeunguza mikate mara mbili.

Ile dhoruba ya Machi uliisikia. Siku tatu hatukuliona ghala tukiwa jikoni. Ilipotulia tukakuta ng'ombe tisini na saba wamekufa, wengi wamebanana kwenye ua wa kusini. Nikawapiga picha mmoja mmoja kama tulivyoagizwa, huku nalia.

Serikali inatoa fidia, na wenzetu wamekwisha kulipwa. Hata yule daktari wa meno wa mjini, aliyenunua shamba la akina Haugen ili aje kuwinda kulungu, amepata hundi ya ua ulioanguka. Hana hata kuku! Lakini karatasi zake zilikuwa safi.

Zetu zimerudishwa. Fomu iliuliza tulikuwa na ng'ombe wangapi kabla ya dhoruba, na shemeji yako Orrin, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika: "Wachache."

Unatujua watu wa huku. Kumwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumtia mkono mfukoni, naye hujibu wachache hata kama wamejaza bonde. Lakini kwenye fomu ya serikali, Leland! Binti wa ofisini alinitazama kwa huruma.

"Mama, wachache wanakufaje tisini na saba?"

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Wakasema basi, tulete shahidi. Nikaenda kwa jirani yetu Milo Kostal, ambaye kila Mei kwa miaka ishirini anatusaidia kupiga ndama chapa. Akaandika kwamba Orrin ni mtu mwaminifu, na kwamba yeye hajawahi kumwuliza ana ng'ombe wangapi. Basi, hakuna zaidi!

"Milo, wewe huna macho?"

Akavua kofia. "Ninayo, Verla. Ila ng'ombe wa mwenzangu mimi siwahesabu."

Nilitamani kumcharaza kwa kofia ile ile.

Lakini Orrin ndiye anayenichemsha zaidi. Nilipomwambia arudi ofisini aseme idadi, alinijibu kwamba ni heri auze kila kitu kuliko kusimama mbele ya wale watoto akitaja mali yake. Haya, na auze! Tusipolipwa kabla ya Juni, benki inayotudai itachukua majike waliobaki. Bila majike hakuna ndama, na bila ndama tunafunga lango tukapange chumba mjini. Heshima gani hiyo ya kututoa nyumbani kwetu?

Sasa nisikilize. Oktoba ulipokuja siku ya chanjo, wewe ndiye uliyesimama langoni ukahesabu kila ng'ombe aliyepita. Huna hisa katika ranchi hii, na ofisi imeniambia shahidi wa namna hiyo anakubalika. Karatasi ya ushahidi nimeiweka humu ndani ya bahasha. Orrin hajui kama nakuandikia. Akijua, hatakula nami meza moja mpaka kiangazi. Na asile.

Mama na shangazi Thora wanawasalimu sana. Mungu awafunike, na goti hilo alitie nguvu.

Ikiwa umesahau hesabu yako, walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Miaka thelathini na nane ya ndoa sijawahi kutaja idadi ya ng'ombe wetu kwa mtu, hata kwa mama, na kabla ya kuiandika hapo juu niliinuka kwanza nikafunga mlango. Weka saini, Leland.

Dada yako akupendaye, pamoja na hasira zake zote,
Verla