Programu Aliyonichagulia Shemeji

Shosti, nina hasira!

Unamkumbuka shemeji, mume wa dada, aliyeniwekea ile programu ya kuandikia kwenye tableti yangu? "Hii inafanya kazi bila mtandao, niamini." Niamini!

Leo tumekaa kikao kwenye nyumba ya marehemu baba, mtandao hakuna hata chembe. Nasoma mkataba wa mgao wa urithi alioutayarisha na kututumia yeye, jina la mama halimo. Mama mzazi! Kwenye nyumba yake!

Nataka kurekebisha, programu inagoma. Eti unganisha mtandao kwanza. Kusoma ruksa, kuandika hapana.

Shemeji anatabasamu: "Tusaini tu, tutarekebisha baadaye."

Baadaye!!

Dada akamgeukia, akaonyesha tableti aliyoshika mumewe: "Mbona yako inaandika bila mtandao?" Mkewe mwenyewe, shosti!

"Yangu ni programu nyingine," akajibu. Nyingine! Kumbe nzuri kajiwekea, mbovu kanipa mimi.

Dada akampokonya tableti yake, akaandika jina la mama yeye mwenyewe. Mama akasaini wa kwanza, kwa kidole palepale kwenye kioo. Zamu ya shemeji ilipofika, akadai kidole kinamuuma.

Kidole!

Dada akamkazia macho mpaka akasaini. Nimeondoka kabla sijamvunja vyote kumi.