Mgagani wa Kaburini

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza kwa namna nyingine.

Ulisema, "Mnizike bustanini, nisikie mkichuma." Tukakuzika hapo nyuma ya nyumba, kati ya mgagani na majani ya kunde, pale ulipomwagilia maji uliyoyapandisha kichwani kutoka bondeni. Hakuna aliyefikiri mbele. Hata shehe hakutukataza.

Msiba ulipokwisha nikapeleka mboga sokoni Newala. Wateja wako walinipa pole, wakapita. Nikadhani wananionea haya. Mpaka yule mama wa mihogo, jirani yako wa kibanda, aliponivuta pembeni: "Somoe mwanangu, mama yako tulimpenda. Lakini hatuwezi kula palipolala mtu." Nikarudi na tenga limejaa. Nilikasirika, Mama. Watu uliowafundisha kuua uchungu wa mgagani kwa karanga, uliokuwa ukiwasuta kwamba kabichi zinazoletwa na malori ni maji matupu, leo wanagombania kabichi hizo hizo.

Rehema naye. Mdogo wangu ana mimba, na zahanati wamemwambia damu imepungua, ale mboga za majani. Nikampikia zako. Aliitazama sahani, machozi yakamtoka, akasema, "Dada, si nitakuwa namla mama?" Nikaondoa sahani. Na mimi mwenyewe, nikuambie kweli, sijazionja tangu tukuzike.

Kaka Hamisi amechimba mashimo ya mikorosho mpaka miguuni pako. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na mizani yao hadi mlangoni, hatungoji tena chama cha ushirika. Nilipomgombeza alisema tu kwamba korosho haiulizwi imeota wapi. Ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Sikumzuia.

Ila kabla hajafyeka nilikung'uta mbegu zako zote. Mume wangu amenipa kipande cha shamba lake, mbali na nyumba, ambako hajazikwa mtu. Mvua zikianza tu, nazipanda. Rehema lazima ale. Tumekuzika wewe, siwezi kumzika na yeye kwa kukosa mboga.

Mungu akulaze pema, Mama. Nakuahidi mgagani utarudi sokoni. Na wakiniuliza mbegu nimezitoa wapi, nitaapa kwamba nimenunua.

Mwanao,
Somoe